Kesi 512 za majaribio zilizozalishwa kutoka kwenye waraka wa mahitaji zimefaulu zote, lakini mfumo umekwama siku ya kwanza ya mizani. Kosa liko wapi?

#1 Binti_Machame (Njiro, Arusha)

Salaam wakuu. Mimi ni mpimaji wa programu, huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi hii, na nina jambo linaloninyima usingizi.

Kampuni ninayofanyia kazi ilipewa jukumu la kutengeneza mfumo wa kupokea kahawa kwa chama kimoja cha msingi cha ushirika upande wa Moshi. Mkulima anafika, kahawa yake inapimwa, stakabadhi inachapishwa, na malipo ya awali yanaingia kwenye simu yake baada ya makato ya pembejeo. Waraka wa mahitaji una kurasa 46 na mahitaji 118 yenye namba. Zamani ningekaa wiki tatu nikiusoma mstari kwa mstari na kuandika kesi za majaribio kwa mkono. Safari hii tuliutafsiri waraka kwa Kiingereza, tukaupakia kwenye programu inayotumia modeli kubwa ya lugha, na kabla chai haijapoa tulikuwa na kesi 512, kila moja ikiwa na masharti ya awali, hatua, data ya kuingiza na matokeo tarajiwa, tena ikionyesha imetokana na hitaji namba ngapi. Tuliziendesha zote. Kesi 31 zilishindwa, tukarekebisha msimbo, na siku ya kukabidhi hakukuwa na hata moja iliyobaki nyekundu, yaani iliyoshindwa; zote zilikuwa kijani.

Mwezi Julai, siku ya kwanza ya mizani, makarani walirudi kwenye daftari kabla saa mbili hazijapita. Mkulima mmoja aliweka magunia mawili juu ya mizani kwa pamoja, mizani ikasoma kilo 104.6, na mfumo ukatoa kilo 1 ya gunia badala ya kilo 2. Aliyemfuata alileta kahawa kwenye ndoo ya plastiki, naye akakatwa kilo 1 ya gunia ambalo hakuwa nalo. Hitaji namba 4.3 linasema hivi, neno kwa neno: "Uzito wa gunia utatolewa na uzito halisi utaonyeshwa kwenye stakabadhi." Kesi zilizotokana na hitaji hilo zilikuwa 14. Zilijaribu kilo 0, kilo 0.1, uzito hasi, herufi badala ya tarakimu, halafu 149.9, 150 na 150.1 kwa sababu kilo 150 ndio uwezo wa mizani. Hakuna hata moja iliyouliza juu ya mizani kuna magunia mangapi.

Naomba mnisaidie kuelewa: kosa ni la waraka, la mashine, la tafsiri, au ni langu mimi niliyezipitisha?

#2 Kipimo_Sahihi (Arusha)

Kosa ni la waraka, na ninalisema hilo bila kusitasita. Sentensi ya 4.3 haina mtenda. "Utatolewa" na nani, mara ngapi, kwa kiasi gani? Viwango vya kimataifa vya uandishi wa mahitaji, yaani ISO/IEC/IEEE 29148, vinataka kila hitaji liwe na maana moja tu, libebe jambo moja tu, na liweze kuthibitishwa. Hitaji lako lina mambo mawili yaliyounganishwa kwa "na", na hakuna hata moja kati yao linaloweza kuthibitishwa bila kumpigia mtu simu.

Ipo njia ya uandishi inayoitwa EARS, iliyotolewa mwaka 2009 na Alistair Mavin na wenzake waliokuwa Rolls-Royce wakishughulikia mahitaji ya mifumo ya kuongoza injini za ndege. Kila sentensi hulazimishwa kuingia katika mojawapo ya miundo michache: tukio linapotokea, hali fulani inapoendelea, jambo lisilotakiwa likitokea, na kadhalika. Kwa Kiswahili ingekuwa: "Karani anapothibitisha uzito, mfumo utazidisha uzito wa gunia moja kwa idadi ya magunia aliyoiingiza, kisha utatoa jibu hilo kwenye uzito uliosomwa." Ukiandika hivyo, idadi ya magunia inajitokeza yenyewe, na mashine yoyote itaijaribu: gunia sifuri, gunia moja, magunia mawili.

#3 Mzee_wa_Majengo (Moshi)

Nimeanza kuandika programu kabla baadhi yenu hamjazaliwa, kwa hiyo nivumilieni nikirudi nyuma kidogo. Kuzalisha majaribio kutoka kwenye maandishi si jambo lililoletwa na modeli hizi za lugha. Mwaka 1973, ndani ya IBM, Elmendorf alieleza namna ya kuchora sababu na matokeo yaliyomo katika maelezo ya programu, kisha kuugeuza mchoro huo kuwa jedwali la maamuzi, na kila safu ya jedwali ikawa kesi ya majaribio. Sehemu ile ya mwisho inaweza kufanywa na mashine bila kutoa jasho. Sehemu ya kwanza, ya kuisoma sentensi na kujua ipi ni sababu na yapi ni matokeo, ndiyo iliyowashinda watu kuikabidhi kwa mashine kwa miaka mingi, na ndiyo ambayo sasa tunadhani tumeikabidhi.

Ndugu Kipimo, sikubaliani nawe kuwa waraka ndio wote. Lipo zoezi maarufu la Glenford Myers la mwaka 1979: programu inasoma namba tatu na kusema kama pembetatu yake ina pande zote sawa, pande mbili sawa, au zote tofauti. Maelezo yake ni mafupi na hayana utata. Hata hivyo mpimaji anatakiwa afikirie namba 1, 2 na 3, ambazo hazifanyi pembetatu bali mstari ulionyooka, na maelezo hayasemi neno juu ya hilo. Unalijua kwa sababu unaijua pembetatu. Mashine za leo nazo zinaijua, maana zimesoma habari za pembetatu mara zisizohesabika. Mizani ya kahawa chini ya mti wa mwarobaini hazijaisoma popote.

Mfano mwingine ni chombo cha Marekani kilichopotea Mars mwaka 1998 kwa sababu waraka haukutaja vipimo. Kisichoandikwa hakijaribiwi.

#4 Tengeru_Utafiti

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili huku Tengeru na nashughulika na eneo lililo karibu na hili. Naomba niongeze maelezo ya tatu, tofauti na ya waliotangulia.

Jaribio lina nusu mbili. Nusu moja ni data unayoiingiza, na nusu nyingine ni jibu unalolitarajia. Mashine ni hodari sana katika nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo ngumu, na Elaine Weyuker aliiandikia mwaka 1982 alipozungumzia programu ambazo hakuna njia rahisi ya kujua kama jibu lake ni sahihi. Dada Binti, tazama kesi zako 14 uone matokeo tarajiwa yamepatikanaje. Kwa kila uzito, mashine imechukua uzito uliosomwa ikatoa 1. Mtengenezaji wa mfumo naye alisoma sentensi ileile na akatoa 1. Wawili waliosoma sentensi moja kwa kosa moja watakubaliana daima, na makubaliano yao ndiyo uliyoyaona kama kijani.

Jambo lingine la kuangalia: nilipakia waraka mmoja mara tatu kwenye modeli ileile, bila kubadilisha hata nukta, nikapata kesi 97, kisha 112, kisha 104. Nyingi zilifanana, lakini chache zilizokuwa nzuri kuliko zote zilionekana mara moja tu kati ya tatu. Kwa hiyo siwezi kusema mashine "haikufikiria" magunia mawili. Inawezekana ingefikiria ungeiendesha mara ya pili.

#5 Dada_Msimbo (Sakina, Arusha)

Shikamoo Mzee wa Majengo. Naomba nisahihishe #3 kwa heshima zote. Chombo kile, Mars Climate Orbiter, kilirushwa Desemba 1998 na kikapotea Septemba 1999. La muhimu zaidi ni kwamba waraka wake ulitaja vipimo. Ulitaka msukumo utolewe kwa nyutoni-sekunde, lakini programu ya huku ardhini ikautoa kwa kipimo cha Kiingereza cha ratili, tofauti ya zaidi ya mara nne. Kwa hiyo mfano huo unathibitisha kinyume cha ulichokusudia: waraka ulikuwa sahihi, na jaribio rahisi lililotokana na waraka huo lingelikamata kosa kama lingefanywa ipasavyo.

Sasa kisa changu. Nilifanya kazi kwenye mfumo wa kampuni moja ya utalii hapa mjini. Waraka ulisema mtoto wa miaka 5 hadi 15 analipa bei ya mtoto. Mashine ilizalisha 4, 5, 15 na 16, safi kabisa, na zote zikafaulu. Msimu ulipoanza akaja mtoto aliyekuwa na miaka 15 siku ya kulipia na aliyetimiza 16 akiwa katikati ya safari ya siku 7 mlimani. Umri wa siku gani ndio unaohesabika? Waraka haukusema, na mashine haikuuliza. Ilijaribu mipaka ya namba, ikaacha mpaka wa tarehe ambao ndio uliotuletea ugomvi na mteja.

La pili ndilo lililoniuma zaidi, na linahusu tafsiri aliyoitaja mleta uzi. Sentensi ilikuwa: "Mabadiliko ya safari yatapokelewa hadi saa 12 jioni." Tafsiri ya Kiingereza ikabaki na 12, na neno "jioni" likapotelea njiani. Mashine ikazalisha majaribio ya 11:59, 12:00 na 12:01 mchana. Mtengenezaji alitumia tafsiri hiyohiyo, kila kitu kikafaulu, na kwa siku tatu wateja waliopiga simu saa 8 mchana wakaambiwa muda umepita. Kila Mswahili angejua kuwa saa 12 jioni ni jua kuzama. Nilikaa na karatasi ile mkononi nikiisoma na kuirudia, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeisaini.

#6 Mzee_wa_Majengo

Marahaba, binti yangu. Nimekubali kusahihishwa kuhusu mwaka na kuhusu waraka. Hoja yangu ya pembetatu bado imesimama.

#7 Karani_Kibosho

Wapendwa, mimi si mtu wa kompyuta. Ni karani wa chama cha msingi, nimeshika daftari la mizani kwa misimu 11, na kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Naona mnajadili gunia kana kwamba gunia ni namba, kwa hiyo naomba niwaeleze linavyokuwa.

Wanaleta kahawa iliyokwisha menywa na kukaushwa. Wenye miti mingi huja na magunia mawili au matatu kwa pikipiki, na kwa sababu foleni ni ndefu huyapandisha yote kwa pamoja kama mizani inayabeba. Wenye miti michache, hasa kina mama wajane, huja na ndoo au mfuko wa plastiki wenye kilo 6 au 7. Huyo kilo 1 ukimkata umemla sehemu kubwa ya alichokileta. Mimi ndoo huwa naipima kwanza ikiwa tupu, na nikishaijua ya mama fulani naandika uzito wake kwa kalamu ya wino pembeni ya jina lake, ili kesho asingoje.

Jambo jingine ambalo sijaona mkilitaja ni nani anayeileta. Mwenye namba ya uanachama mara nyingi ni baba, ambaye yuko shambani au ni mgonjwa. Anayefika mizani ni mke, mkwe au mtoto wa shule aliyeambiwa apitie kabla ya kipindi. Stakabadhi lazima isome jina la baba, lakini aliyetia saini ni mwingine. Mlipoandika waraka wenu mlikuja kutuuliza haya?

#8 Binti_Machame

Nashukuru sana, karani. Nimesoma ujumbe wako nikiwa na waraka mezani, na umenionyesha kosa la pili ambalo hatukuwa tumelijua. Hitaji 3.7 linasema: "Mkulima akimtuma mwakilishi, namba yake itaandikwa kwenye stakabadhi." Namba yake nani? Kwa Kiswahili "yake" inaweza kumrudia mkulima na inaweza kumrudia mwakilishi. Tafsiri ya Kiingereza ilichagua mwakilishi bila kumwambia mtu yeyote, na kesi zote 9 za hitaji hilo zikathibitisha kuwa namba ya mwakilishi inaandikwa. Tumefungua kumbukumbu jioni hii tukakuta malipo manne yaliyoelekezwa kwenye simu za watu waliotumwa. Tumeyasimamisha.

Kuhusu swali lako la mwisho: aliyeandika waraka alikaa ofisini na viongozi wa chama kwa siku mbili. Mizani hakuiona, kwa sababu ilikuwa Februari na msimu haujafunguliwa.

#9 Kipimo_Sahihi

Hili la "yake" linazidi kuunga mkono nilichosema #2. Na "na" je? Nimewahi kukuta sentensi ya namna hii katika mfumo wa chama cha akiba na mikopo: "Mwenyekiti na katibu wataidhinisha malipo." Mashine ilitoa kesi mbili, mwenyekiti anaidhinisha na katibu anaidhinisha, na kila mmoja peke yake alifanikiwa kutoa fedha. Wanachama walimaanisha saini mbili kwenye malipo yaleyale. Waraka ukiandikwa vizuri, matatizo haya yanakwisha.

#10 Tengeru_Utafiti

Kaka Kipimo, hayakwishi yote. Karani amesema kila mama ana ndoo yake yenye uzito wake. Mwandishi ambaye hakufika kule angeweza kuandika sentensi iliyonyooka kabisa kwa EARS, yenye mtenda na sharti, na bado ikawa si kweli. Sentensi isiyo na utata inaweza kuwa na kosa lisilo na utata.

Nirudi kwenye nusu ya pili ya jaribio, kwa sababu ipo njia ambayo ingelikamata kosa hili hata bila kujua jibu sahihi. Mwaka 1998 T. Y. Chen na wenzake walipendekeza tusiulize "jibu ni ngapi?" bali "majibu mawili yanapaswa kuhusianaje?" Kwa mizani ni hivi: pima gunia A peke yake, pima gunia B peke yake, kisha pima A na B kwa pamoja. Uzito halisi wa pamoja lazima ulingane na jumla ya ile miwili. Kwa mfumo wa dada Binti ungepata tofauti ya kilo 1 papo hapo, na wala huhitaji mtu akuambie gunia lina uzito gani. Uhusiano wa pili: kahawa ileile ikihamishwa kutoka gunia kwenda ndoo, uzito halisi usibadilike. Mashine inaweza kuzalisha mamia ya majaribio ya namna hiyo ikishapewa uhusiano. Swali la haki ni kama inaweza kuuvumbua uhusiano wenyewe kutoka kwenye waraka. Nimejaribu, na wakati mwingine inaweza.

#11 Fundi_Kijenge

Naona uzi umeelemea upande mmoja, nami naomba niitetee mashine kwa dhati, kwa sababu imenifaa.

Mwaka jana nilikuwa na mfumo wa kusajili wanachama. Kesi zangu za mkono zilikuwa 60, nilizipenda, na niliamini zimetosha. Mashine iliposoma waraka uleule ikaongeza kesi ambayo sikuwahi kuiwaza: jina lenye ritifaa. Ilitoa mfano wa jina la Kiayalandi, O'Brien, nami nikataka kuifuta, kwa maana nani atakayeitwa hivyo kwenye chama chetu? Kisha nikakumbuka wangapi kati yetu wana majina yanayoanza na Ng'. Nikaingiza jina la namna hiyo. Ritifaa ile ilisomwa na hifadhidata kama mwisho wa maandishi, na ukurasa mzima ukaanguka. Kasoro hiyo si ndogo, kwa kuwa ni mlango uleule ambao wavamizi huutumia kuchomeka amri zao ndani ya hifadhidata.

Binadamu anachoka. Kufikia hitaji la 90 macho yanaruka mistari. Mashine inalipa hitaji la 118 uzito uleule iliolipa la kwanza. Dada Binti, hebu tuambie ukweli: zile kesi 31 zilizoshindwa mwanzoni, wewe ungezipata zote kwa mkono?

#12 Binti_Machame

Nisingezipata zote. Nimezipitia tena baada ya kusoma swali lako. Ningepata kama 20. Kati ya zile 11 nyingine, moja ilikuwa ya mkulima ambaye makato ya pembejeo yanazidi malipo yake, na mfumo ulikuwa ukijaribu kumtumia shilingi hasi.

#13 Mzee_wa_Majengo

Fundi, umenena vizuri, ingawa nakujua wewe na mapenzi yako kwa kila kifaa kipya kinachofika Arusha. Sisi wa Moshi huwa tunangoja kwanza tuone kama kinaanguka.

Kwa mleta uzi nina pendekezo la kazi. Usihesabu kesi, na usihesabu mahitaji yaliyoguswa. Jedwali la kufuatilia linaloonyesha kuwa mahitaji yote 118 yana kesi linakuambia kila sentensi ina jaribio linaloitaja, basi. Halikuambii jaribio hilo lina nguvu gani. Tangu mwaka 1978 DeMillo, Lipton na Sayward walitufundisha kupandikiza kasoro: chukua mfumo uliokamilika, bila kuwaambia wapimaji badilisha kujumlisha kuwe kutoa, badilisha "isiyozidi" iwe "chini ya", kisha endesha majaribio yote uone mangapi yatalia. Kasoro isiyoliza jaribio lolote inakuonyesha mahali kesi zako zilipolala.

#14 Dada_Msimbo

Naongezea kwenye #13. Kasoro nyingi zinakaa kwenye makutano ya mahitaji mawili, na mashine ikisoma waraka sentensi kwa sentensi hazioni. Chukua mambo manne, kila moja likiwa na hali tatu: chombo (gunia, ndoo, mfuko), aliyeleta (mwenyewe, mwakilishi, asiye mwanachama), deni (hana, dogo, linalozidi malipo), na simu (inayo namba, haina, namba ya mtu mwingine). Mchanganyiko wote ni 81. Ukitaka kila jozi ya hali ikutane angalau mara moja, majaribio 9 yaliyopangwa vizuri yanatosha. Kesi 9 hizo zingekufaa kuliko 300 za kujaribu herufi kwenye kisanduku cha uzito. Lakini ona: neno "ndoo" tumelipata kwa karani, kwa hiyo hata mbinu hii inaanza baada ya mtu kuuliza.

#15 Sheria_na_Haki (Arusha)

Nitasema moja tu kisha niwaachie mafundi. Waraka wa mahitaji mara nyingi hubeba mifano halisi: orodha ya wakulima, simu zao, namba za vitambulisho. Kuipakia kwenye huduma iliyo nje ya nchi ni kusafirisha taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya jambo hilo. Ondoeni majina halisi kabla ya kupakia.

#16 Fundi_Kijenge

Ahsante, wakili. Mimi hutumia modeli ndogo iliyo wazi inayoendeshwa kwenye kompyuta yangu mwenyewe, ili waraka usitoke ofisini. Angalizo kwa watakaotumia namba za vitambulisho za kubuni kwenye majaribio: namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mashine iliniletea namba zenye tarakimu 20 kamili ambazo mwezi wake ulikuwa wa 17. Mfumo ulizipokea zote, nami ndipo nilipojua kuwa haukaguliwi hata mwezi.

#17 Binti_Machame

Wakuu, nimerudi na matokeo, baada ya siku nne za kazi.

Kwanza, nimefanya alichosema Mzee #13. Mwenzangu alipandikiza kasoro 20 bila kuniambia ziko wapi. Kesi 512 zilikamata 12. Kati ya 8 zilizopita, 5 ziko kwenye hesabu ya makato, mahali ambapo mahitaji matatu yanakutana, kwa hiyo dada wa Sakina ana haki yake.

Pili, nimeweka uhusiano aliouelekeza Tengeru #10. Ule wa magunia mawili ulilia mara moja, kama alivyosema. Ule wa kuhamisha kahawa kwenye ndoo ulilia pia. Nikaongeza wa tatu kutoka kichwani mwangu: mkulima akileta kilo 40 kwa safari mbili za 20, malipo yake yasitofautiane na ya kilo 40 kwa safari moja. Huo umeonyesha kosa jipya kabisa. Mfumo unakadiria shilingi kwenda chini kila safari, na gharama ya kutuma fedha inakatwa kila safari, kwa hiyo anayeleta kidogo kidogo anapunjwa. Hakuna sentensi kwenye waraka inayokataza hilo, wala inayoliruhusu.

Tatu, nimeipa mashine waraka wa Kiswahili chenyewe bila tafsiri, na badala ya kuiomba kesi za majaribio nimeiomba iniandikie maswali ambayo waraka haujayajibu. Ilileta maswali 73. Mengi hayana maana. Lakini swali la 8 lilikuwa: "Katika hitaji 3.7, neno 'yake' linamrejelea nani?" na la 41 lilikuwa: "Je, uzito wa gunia hutolewa mara moja kwa kila upimaji au kwa kila gunia?" Nilisimama kwenye kiti nikamwita bosi aje asome.

#18 Kipimo_Sahihi

Hongera, dada. Nadhani hapo umethibitisha kuwa waraka ndio uliokuwa na tatizo, kwa kuwa mashine ileile ilipoulizwa juu ya waraka iliyaona matatizo.

#19 Tengeru_Utafiti

Mimi naona amethibitisha kuwa tatizo lilikuwa ombi. Mashine iliombwa majibu, ikatoa majibu. Ilipoombwa maswali, ikatoa maswali. Waraka haukubadilika hata nukta.

#20 Dada_Msimbo

Na lugha ilibadilika. Msisahau kuwa safari hii ulikuwa kwa Kiswahili. Swali la "yake" lisingeweza kuulizwa juu ya tafsiri ambayo tayari ilikuwa imekwisha lijibu.

#21 Karani_Kibosho

Nimefuatilia yote, ingawa mengine yamenipita. Kwa kuwa binti anakusanya maswali, nina moja ambalo hata sisi hatujalimaliza.

Mvua ikinyesha njiani gunia la mkonge hulowa. Likilowa huwa zito, na kahawa ya juu hunyonya maji kidogo. Waraka wenu unasema gunia ni kilo 1. La jana asubuhi, nililolipima tupu baada ya mwenyewe kumwaga kahawa yake ikauke, lilikuwa kilo 1 na gramu 700. Mimi huwa naamua kwa kulishika kwa mkono, na mwenzangu wa kituo cha juu huwaambia warudi kesho. Wakulima wanajua tofauti yetu na wanachagua kituo. Mfumo utafanya lipi?

#22 Binti_Machame

Nimeandika swali hilo kuwa la 74, na nimeacha nafasi ya matokeo tarajiwa ikiwa tupu. Nimelituma kwa mwenyekiti wa chama leo mchana, naye amenijibu kuwa kamati inakutana Alhamisi. Karani, nikija Jumatano naomba uniruhusu nikae nawe mizani kuanzia asubuhi.

#23 Karani_Kibosho

Karibu sana. Tunafungua saa 1 asubuhi. Njoo na viatu vya matope.